Nilisema sina dawa ya kansa, ukoo ukaniletea ng'ombe

Wakuu, salaam. Wakubwa zangu shikamooni, wadogo hamjambo.

Humu ni msomaji wa siku nyingi. Nasoma nyuzi za wenzangu, nacheka, napita kimya. Leo naandika kwa sababu kuna kitu kimenikaa kooni na nyumbani hakuna wa kumwambia. Majina nimebadilisha. Mengine yote ni kama yalivyotokea, na ningetoa chochote yasingetokea.

Tahadhari mapema: huu si uzi wa dawa. Mwisho hakuna namba ya simu wala "njoo inbox". Aliyekuja kutafuta tiba afunge simu aende hospitali, tena leo.

Twende.

Mimi ni binti wa Tabora mjini, Ng'ambo. Nimesoma kemia, na sasa niko chuo kimoja Dar nafanya utafiti wa shahada ya uzamili. Pale lab tunatengeneza vitu vinaitwa metal-organic frameworks, kwa kifupi MOF. Zetu ni za shaba.

Kwa wasio wa sayansi: mmeona ukuta wa nyumba ya fito kabla haujakandikwa udongo? Fito zimepishana, zinapokutana zimefungwa kamba, katikati pana matundu. MOF ndiyo hiyo, ila ndogo kiasi kwamba hadubini ya shuleni kwenu haitakuonyesha kitu. Fito ni molekuli zenye kaboni, na pale penye kamba ndipo inapokaa shaba. Kwenye matundu unaweza hata kupakia dawa nyingine.

Kwa nini kansa? Mazingira ya uvimbe wa kansa yana tindikali zaidi kuliko sehemu nyingine za mwili, na seli zake zimejilimbikizia kinga ya ndani. Ule ukuta ukiingia humo unabomoka, shaba inatoka, inaila ile kinga na kuzalisha sumu humo humo mpaka seli inakufa. Kwenye vile visahani vya maabara inapendeza kuangalia. Kwa panya, watafiti wa nje wameandika mambo ya kutia moyo.

Sasa upande wa pili, ambao watu hawaupendi. Shaba hiyo hiyo ikizidi mwilini inaharibu ini na figo. Ukuta wenyewe unaweza kubomokea kwenye damu kabla haujafika unakotakiwa. Mimi sijui MOF hata moja ya shaba ambayo leo daktari anamwandikia mgonjwa. Kutoka kwenye kisahani mpaka kwa binadamu ni safari ya wapagazi wa zamani kutoka kwetu Unyanyembe kwenda pwani, na dawa nyingi hufia njiani.

Yenyewe ni unga wa bluu, mzuri wa kuangalia. Ukiukausha kwenye oveni bluu inakolea. Unga huo ndio ulioniponza.

Baba yangu ni mstaafu wa reli. Siku zake zinaisha kwenye baraza ya duka la mzee mmoja wa Kihindi anayeuza vitambaa, wanakunywa kahawa na kupanga nchi upya. Likizo moja akaniuliza, "Kalunde, hivi huko Dar unasoma nini hasa?"

Nikamwonyesha picha ya ule unga kwenye simu. Nikasema tunajaribu kuona kama shaba inaweza kuua seli za kansa.

Wakuu, nilisema "tunajaribu". Nilisema "seli". Baba alisikia shaba, akasikia kansa, basi. Akavua miwani, akaishika simu yangu kwa mikono miwili, akasema, "Mama amerudi."

Hapa lazima niwaeleze kuhusu huyo mama, la sivyo mtaona ukoo wetu ni wendawazimu.

Bibi mzaa baba aliitwa Kalunde, na mimi nimebeba jina lake. Aliishi Lusu, Nzega, na alikuwa mfumu, yaani mganga wa miti na mizizi. Miguuni alivaa pete za waya wa shaba. Shaba kwetu si kitu kigeni, ilikuwa inapita hapa kutoka Katanga tangu enzi za misafara. Watu walitoka Igunga, walitoka Ziba, wakamfuata bibi kwa miguu.

Na bibi alikuwa na utaratibu. Ukija na mgonjwa, jibu lake la kwanza ni, "Mimi sina dawa." Unaondoka, unarudi na kuku mweupe. Anasema, "Dawa alikuwa nayo mama yangu, mimi sina." Unarudi tena na kikubwa zaidi, unakaa uani kwake kimya. Ndipo anainuka, anachukua jembe lake dogo, anaingia porini.

Hakuna aliyemlaumu. Kwetu mganga anayekujibu haraka "ninayo" ndiye tapeli. Anayekataa ndiye mwenye dawa, na anavyokataa zaidi ndivyo dawa inavyokuwa kali.

Sasa chukueni mtu aliyefunzwa na chuo kusema "bado hatujathibitisha", mumlete kwenye ukoo wa namna hiyo. Mnaona tunakoelekea?

Baba ana dada anayemfuata kuzaliwa, Shangazi Tatu, mjane, mkulima wa mpunga na karanga hapo Lusu. Kwa kuwa nina jina la mama yake, tangu nikiwa mchanga ananiita mayu, yaani mama. Nikifika kwake ananipigia goti kwa utani, "Shikamoo mayu!" Nami najibu, "Marahaba mwanangu, umekula?" Majirani wanavunjika mbavu. Sijawahi kupendwa na mtu kama nilivyopendwa na mwanamke yule.

Uvimbe alinionyesha mimi kwanza. Titi la kushoto, mgumu, kama karanga ikiwa ndani ya ganda lake. Nikamwambia vaa tuondoke.

Nzega wakatuandikia rufaa, tukapanda basi kwenda Mwanza. Wakachukua kinyama, wakapima. Ni kansa, lakini imewahiwa. Daktari, dada mmoja mtulivu, akamweleza vizuri: tunakata titi, baadaye dripu za dawa, na nafasi yako ya kupona ni nzuri.

Shangazi akauliza swali moja tu. "Nitaweza kupalilia?"

"Utapalilia, mama."

Akakubali pale pale. Tukapewa tarehe ya upasuaji. Nikamrudisha Lusu, mimi nikapanda basi la Dar nikiwa na furaha.

Nyuma yangu baba akaitisha kikao cha ukoo. Hoja yake ilikuwa fupi: kwa nini dada yangu akatwe titi kama mnyama wakati dawa imo humu humu ndani? Tumwombe Kalunde. Tarehe ya Mwanza ikapita watu wamekaa kwenye vigoda wanapanga namna ya kuniomba.

Masanja, mtoto wa kwanza wa shangazi, ndiye aliyepewa kazi ya kunipigia. Nikamwambia, "Kaka, mimi sina dawa ya kansa. Mrudisheni shangazi Mwanza."

Akasema kwa heshima kabisa, "Sawa dada, tumekuelewa."

Haikupita wiki, baba akanipigia. Kuku mweupe ameletwa nyumbani.

Nilicheka, wakuu. Siku hiyo bado niliona ni kichekesho.

Nikaamua kufanya kisomi. Nikarekodi voice note ndefu, nikaitupa kwenye group la ukoo. Nikaeleza kila kitu: tunachanganya nini na nini, inakaa kwenye joto kiasi gani, kwa nini inaua seli kwenye kisahani, kwa nini inaweza kumuua na binadamu. Nikamalizia kwa kusema hakuna mgonjwa aliyepona kwa kitu hiki.

Majibu yakawa mikono ya shukrani mfululizo. Binamu mmoja akaandika, "Ameanza kutaja mizizi." Mwingine chini yake: "Tusimsumbue, tumpe nafasi."

Nikamwomba supervisor wangu, profesa mwenye mvi zake, ampigie baba. Akapiga, akamweleza kwa adabu kwamba hatuna dawa, tuna utafiti. Jioni baba akanipigia sauti imejaa furaha. "Nimeongea na mwalimu wako. Mtu mzito sana yule. Naye amekataa!"

Hapo ndipo niliacha kucheka.

Nikaomba ruhusa, nikafunga safari mpaka Lusu. Niliwakuta uani wanamenya karanga: shangazi, Masanja, baba ambaye alikuwa ametangulia kufika, na wazee wawili wa ukoo. Shangazi akapiga goti lake, "Shikamoo mayu." Sikuweza kujibu utani. Nilimgusa titi mbele ya wazee, sikujali. Ile karanga ilikuwa imekuwa limau.

Nikawaambia yote upya, Kinyamwezi changu kibovu nikichanganya na Kiswahili. Wakanisikiliza kwa utulivu ambao mpaka leo nikiukumbuka nachukia. Nikimaliza, mzee mmoja anaitikia, "Ehee." Naanza tena. "Ehee."

Nikapandwa na hasira. Nikasimama, nikapaza sauti, "Wazee wangu, hata mkiniletea ng'ombe, sina!"

Wazee wakatazamana. Masanja akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyepata jibu alilolisubiri muda mrefu. Shangazi akanishika mkono akasema, "Wabeja mayu." Ahsante mama.

Nikadhani hatimaye wamenielewa. Nikamwambia wiki ijayo Mwanza, akaitikia ndiyo. Nikarudi kazini nikiwa nimelegea kwa uchovu lakini moyo mweupe.

Baba akanipigia siku ya Jumamosi. "Ng'ombe amefika."

Walikuwa wamemteremsha kwenye fuso mbele ya nyumba yetu Ng'ambo, mtamba mweupe mwenye baka jeusi ubavuni, ng'ombe bora kuliko wote zizini kwa shangazi. Nilikaa chini kwenye korido ya maabara nikalia mpaka mlinzi akaja kuniuliza kama nimefiwa.

Najua mtasema, si ungemchukua kwa nguvu? Nilijaribu. Nilimwendea mpaka mtendaji wa kijiji. Akaniambia mgonjwa ana akili timamu, anajua anachotaka, hawezi kubebwa kama gunia. Na kweli shangazi alikuwa na akili timamu. Alikuwa anamsubiri mama yake aingie porini.

Mvua zikanyesha, mpunga ukapandwa, ukavunwa. Kila nilipopiga simu nilisema sina. Kila niliposema sina, wao walihesabu kwamba dawa inaiva.

Uvimbe ukapasuka. Kikaja kikohozi. Ndipo wakambeba kumpeleka Mwanza, na mimi nikawahi kutoka Dar. Alikuwa daktari yule yule. Alinitazama, akamsogezea shangazi shuka mabegani. Imeshafika kwenye mapafu, akasema. Kilichobaki ni kupunguza maumivu.

Nilikaa na shangazi wodini. Hakukuwa na goti wala shikamoo. Akaniambia polepole, akivuta pumzi kila baada ya neno, "Mayu, nilikukosea nini?"

"Shangazi, hujanikosea."

"Basi mbona umeninyima?"

Nikamwambia sina. Nikamwambia kwa Kinyamwezi, nikamwambia kwa Kiswahili. Nikamwambia ningekuwa nayo ningekupa kabla hujaomba. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akageukia ukutani.

Hakunigeukia tena. Tulimrudisha nyumbani Lusu, akafia huko, mimi nikiwa naenda sokoni Nzega kumtafutia machungwa.

Kwenye msiba walimrudisha yule mtamba kutoka Tabora wakamchinja. Masanja mwenyewe aliniletea sahani ya nyama, akaiweka mbele yangu pale wanawake tulipoketi. "Kula, dada. Si ulitaka?"

Sikula. Nikatoka nikatapika nyuma ya ghala, na nina hakika kuna waliosema hiyo ndiyo dhamiri inanisuta.

Nina hasira na baba, sitaficha. Alilia kaburini kama mtoto, na ninajua alimpenda dada yake. Lakini tulipokuwa njiani kurudi mjini aliniambia, kwa upole, "Kila mfumu ana sababu zake. Sikuulizi." Ananisamehe! Mimi! Tangu siku ile tunasalimiana na kuulizana habari za afya, basi.

Ningeishia hapa ungekuwa uzi wa majonzi tu. Kuna sehemu ya pili, na ndiyo iliyonifanya niandike.

Likizo iliyofuata, mama mmoja wa Ziba na mumewe walipiga hodi nyumbani. Mwanamke wa makamo, uvimbe kwenye titi. Hospitali ya wilaya walishamwambia aende akapasuliwe, akaogopa, akasikia habari za mjukuu wa Kalunde. Mume alikuwa amebeba kuku mweupe.

Nikafungua mdomo kusema kile ninachokisema siku zote. Nikamwona yule mume anavyomweka kuku chini, taratibu, asimuumize miguu. Nikajua nikisema sina, huyu mwanamke anakufa.

Nikasema, "Sina." Wakatulia, kama inavyotakiwa.

Wakaomba. Nikasema, "Alikuwa nayo bibi." Wakaomba tena. Nikawaacha wakae pale barazani kimya, muda mzuri tu. Kisha nikainuka.

Nikawaambia hivi: dawa yangu haishiki mwilini mpaka uvimbe uwe umetolewa na hospitali, na dripu zote ziwe zimekwisha. Ikikuta uvimbe bado upo, inageuka sumu. Nendeni Mwanza. Mkimaliza, mniletee karatasi ya daktari, ndipo nitafungua mkoba.

Mnajua walichofanya? Hawakurudi hata Ziba. Walikwenda stendi moja kwa moja.

Walirudi likizo nyingine. Mwanamke amekonda, nywele zimepukutika, kitambaa kichwani, lakini anatembea mwenyewe na anacheka. Daktari ameridhika, anatakiwa kuhudhuria kliniki tu. Akanyoosha karatasi kwa mikono miwili. "Mama, nimekuja kuchukua dawa yangu."

Nikaingia jikoni. Nikachukua asali ya kwetu ya miombo, nikaimimina kwenye kichupa kisafi. Kijiko kimoja asubuhi, nikamwambia, na ukiruka siku ya kliniki itapoteza nguvu. Akapiga goti akalia. Mumewe akalia. Profesa wangu angeona angenifukuza chuo, na angekuwa na haki.

Niliyojifunza, wakuu. La kwanza ni rahisi: utafiti wa panya ni wa panya. Ukisikia redioni "wanasayansi wamegundua", furahi, lakini usiahirishe hospitali hata kwa siku moja. Hiyo shaba yetu huenda siku moja ikawa dawa kweli, naifanyia kazi nikiamini hivyo. Aliye na uvimbe leo hana muda wa kutusubiri.

La pili linanichoma. Chuo kilinifundisha kwamba ukweli ukisemwa wazi, mara nyingi, kwa ushahidi, utaeleweka. Niliusema wazi. Niliusema mara nyingi. Shangazi yangu kafa akiwa ameusikia kuliko mtu yeyote, na mama wa Ziba yu hai kwa uongo na kijiko cha asali. Kama ningemdanganya shangazi siku ile ya kuku, leo angekuwa anapalilia.

Siku yule mama anapokea kichupa, baba alikuwa amesimama mlangoni. Alikiangalia kile kichupa, akaniangalia mimi, akaingia ndani. Habari ikafika Lusu kabla ya jua kuzama.

Masanja, ambaye hajanisemesha tangu msibani, akanitumia ujumbe mfupi. Ninaunakili hapa kama ulivyo:

"Kumbe ulikuwa nayo. Mtu wa Ziba umempa, mama yangu ukamwacha."

Sijamjibu. Nikimwambia ilikuwa asali, atasema "sina dawa" ndiyo maneno yangu ya siku zote, maneno ya mganga aliye nayo. Nikikiri nilikuwa nayo, basi nimemuua mama yake.

Wakuu, wenye busara na wenye matusi, wote nawasoma. Ingekuwa wewe, ungemjibu nini?